Mahindi Waliyoyabariki Yakiwa Yameoza

Paskalina rafiki yangu,

Siwezi kukuuliza hali, na hali yangu sitaki kukudanganya. Kwa mwili sijambo. Lakini nina kinyaa, kile cha mtu aliyeuma kitu kibovu na bado hajapata maji ya kusukutua. Ninacho tangu Novemba. Nimejaribu kumwambia Mungu, ila kila nikifungua kinywa nasikia sauti yangu ile ya kwenye kamati, nanyamaza. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Wewe ulikuwa nesi. Ulisafisha vidonda vya watu wa kijiji chetu cha Daa bila kugeuza uso.

Nianzie kwenye mazishi yako, maana huu uozo wote ulianzia kwenye jambo zuri.

Tulikuzika Aprili, udongo umelowa, watu wamejaa mpaka shambani kwa jirani. Walimkanyagia maharage yake na hakusema neno. Wale vijana waliobeba jeneza, karibu wote uliwapokea wewe pale zahanati walipozaliwa. Padri wenu aliongoza misa. Mchungaji wetu sisi Walutheri alikaa mbele, na pembeni yake mchungaji wa Walokole, yule wa kanisa la turubai kule bondeni. Saa ya kukuaga ilipofika, padri akawaita wale wawili. Wakashikana mikono watatu juu ya kaburi lako, wakasali Baba Yetu. Watu walilia, Paskalina. Mimi nililia kuliko ndugu zako wa damu. Nilisema moyoni, mwanamke huyu kwa kufa kwake amepata kile tulichokiomba kila Jumatano miaka tisa.

Maana tulianza watu wawili tu, mimi na wewe. Tulikuwa tumekaa majirani muda mrefu, kuku wako wanataga kwangu na wangu kwako. Mume wangu alipofariki, waombolezaji walipokwisha kuondoka, ulikuja Jumatano jioni ukitoka kazini, bado umevaa sare nyeupe. Ukakaa jikoni. Ukasema, "Mwalimu, tumeazimana chumvi, majembe, mpaka mbegu. Mbona sala hatujawahi kuazimana?" Ukafanya ishara ya msalaba, ukasali kwa maneno machache sana. Mimi nikasali kwa muda mrefu, nikimpangia Mungu mambo moja baada ya jingine. Tulipomaliza ulicheka. Ulisema nimempa Mungu ratiba ya muhula mzima. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Halafu akaja Naserian. Alitoka Olbalbal, kule Ngorongoro, na mimba iliyokuwa inamsumbua, akafikia kwa ndugu yake Karatu mjini, na huyo ndugu akamleta kwako. Ulimlaza nyumbani kwako miezi miwili. Alijifungua salama, mtoto wa kike, ukampa jina la mama yako na wao wakampa la kwao. Jumatano alikaa nasi jikoni na mtoto mgongoni. Yeye Mlokole, akiomba anaomba kwa Kimaasai, kwa nguvu, mpaka mbwa wanabweka. Hatukuelewa kitu isipokuwa Enkai, yaani Mungu, na majina yetu. Lakini alipotaja majina yetu tulijua tumeombewa. Alirudi kwao, na tangu hapo kila Jumatano alipanda mlimani kutafuta mtandao, akatupigia simu, tukaomba watatu, simu ikiwa katikati ya meza.

Sasa sikia yaliyotokea ulipoondoka.

Wiki mbili baada ya mazishi tuliitwa mkutano. Makanisa yote matatu yalileta wajumbe. Walisema tukuenzi. Walisema iwepo siku moja kubwa ya kuomba pamoja kwa ajili ya umoja wa Wakristo, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na isiwe maneno matupu, tufanye pia tendo la huruma. Mwaka ulikuwa mbaya kule chini. Unajua wenzetu wa Ngorongoro hawaruhusiwi kulima, mahindi wanayanunua kwa kuuza mifugo, na mifugo ilikuwa imekonda haiuziki. Basi tukakubaliana baada ya mavuno kila kaya itoe mahindi, yapelekwe Olbalbal. Wakanichagua katibu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama msichana.

Na watu walitoa. Hili ulijue, kwamba watu wa Daa hawakuwa wabaya. Julai na Agosti waliyaleta kwa baiskeli, kwa punda, kwa ndoo kichwani. Wajane walileta. Tuliyaweka kwenye stoo iliyo nyuma ya kanisa letu, ikajaa mpaka mlangoni, na ufunguo nikapewa mimi.

Katikati ya Agosti Naserian alipiga simu. Alisema mabwawa yamekauka, wanaume wanahamisha ng'ombe kuelekea Enguserosambu, na boma lao linafikiria kuwapeleka na wazee huko huko kwa ndugu, ingawa ni mbali na wazee wanatembea kwa shida. Nikamwambia, "Wasiondoke. Mahindi yanakuja Septemba. Waambie wazee wasubiri." Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Septemba tulikaa kikao cha kupanga safari ya lori. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja wa kanisa letu mwenye duka mjini, akasema si vizuri mahindi yaondoke kimya kimya. Lori liondoke siku ya maombi, libarikiwe mbele ya watu, wageni wapige picha. Wote wakaona ni wazo jema. Mimi pia niliona ni wazo jema, nikaliandika.

Basi ikabaki kupanga siku ya maombi. Ilichukua vikao vitano. Nani ahubiri? Ikaamuliwa wahubiri wote watatu. Nani aanze? Wakaanza kununa. Spika za kanisa gani? Kwaya ngapi? Walokole walitaka watu waombe kwa sauti, Wakatoliki wakasema wao kelele hawazitaki, sisi tukajifanya wapatanishi na huku tunasukuma utaratibu uwe wetu. Halafu likaja bango. Bango la kufunga ubavuni mwa lori, Paskalina, na katikati picha yako ukiwa umevaa sare. Walibishana jina la kanisa gani litangulie. Mmoja akasema tufuate alfabeti. Mwingine akauliza, alfabeti ya jina la kanisa au ya jina la kiongozi? Watu wazima, wenye wajukuu. Siku ya maombi ikaahirishwa mara mbili kwa sababu ya bango. Mwisho walipiga kura, na nembo zilipopangwa nafasi haikutosha, wakakata picha yako. Ulibaki uso na shingo. Mikono yako waliitoa.

Nataka nikwambie nilisimama nikapinga. Sikupinga. Nilinyoosha mkono ili jina letu liwe la kwanza. Nilitoa na sababu, kwamba stoo ni yetu. Nilikuwa na kalamu mkononi na kitabu cha mihtasari mapajani, nikaandika matokeo ya kura kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Paa la ile stoo lilikuwa limetoboka. Wewe uliliona, ulitania siku moja kwamba Walutheri wanahifadhi vitu chini ya nyota. Oktoba mawingu yalianza kupita, nikasema kwenye kikao kwamba yanahitajika mabati mawili. Wazee wetu wakasema mahindi ni ya makanisa yote, kwa nini mabati yawe yetu? Wakatoliki walikuwa na mabati yaliyobaki walipoezeka jiko la parokia, lakini padri akasema stoo si yake, akigusa paa la watu atasemwa ameingilia. Walokole wakasema wao watafunga siku tatu na kuomba mvua isubiri.

Nakuomba usome tena hapo. Watu wa Olbalbal wanazika ng'ombe kwa kukosa mvua, na kamati ya umoja inaomba mvua isubiri. Niliandika kwenye muhtasari: wajumbe waliazimia kuomba.

Kwenye banda langu la ng'ombe kulikuwa na mabati mawili, yamelala tu chini ya nyasi. Nilijua yapo. Ningemwita kijana yeyote wa jirani yakapigiliwa asubuhi moja. Sikuyatoa. Nilikuwa nimewakasirikia. Nilitaka waaibike kwanza, waone wenyewe matokeo ya ubishi wao, ndipo mimi nije na mabati yangu kama mtakatifu. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni mwa aproni, nikipika unagonga kwenye sufuria, nikajifanya siusikii.

Naserian alipiga Jumatano zote. Nilimwambia wiki ijayo. Nikamwambia tena wiki ijayo. Jumatano moja niliona jina lake kwenye simu, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Mvua ilianza Novemba, ikapiga siku tisa. Sikwenda kufungua stoo. Nilijua, kwa hiyo sikwenda.

Siku ya maombi ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Tulikwenda asubuhi na mapema kupakia lori. Dereva alikuwa mzee Idi wa kule njia ya Mang'ola. Nilifungua mlango. Harufu ilitoka ikanipiga kama mtu. Magunia ya juu na ya katikati yalikuwa yamelowa yakashikana, mahindi yameota, mengine yamekuwa kijani, mengine meusi, ukungu umetambaa juu ya magunia kama manyoya. Sumukuvu hiyo, wewe ulitufundisha pale zahanati, kwamba hata kuku asipewe. Yaliyopona ni yale machache yaliyokuwa kwenye kona kavu.

Nilimwita mwenyekiti. Aliangalia, akafunga pua na kitambaa, akatoka nje. Kule uwanjani spika zilikuwa zimeshaanza kujaribiwa, wageni kutoka mjini wanashuka kwenye magari. Akaniambia, "Mwalimu, yale mazuri yapangeni nyuma ya lori, pale watu wanapoona. Haya mengine wekeni mbele na mfunike na turubai. Wageni wakishaondoka tutajua la kufanya."

Nikafanya hivyo. Mimi, Rebeka, uliyenijua. Nilishika pembe za turubai nikalivuta likakaa sawa. Mzee Idi alikuwa amesimama pembeni akitutazama. Akajifuta mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu, akaenda kukaa kwenye usukani.

Sherehe ilikuwa nzuri kwa macho. Uwanja umejaa, kitenge cha kila kwaya na rangi yake. Walihubiri wote watatu, na wote watatu walihubiri ya kwamba wote wawe na umoja. Mmoja alisema tukigawanyika ni dunia inayopata njaa. Alisema hivyo, Paskalina, na lori liko nyuma yake. Halafu wakaitwa kubariki. Wakashuka jukwaani, wakasimama upande ule wenye bango, wakaweka mikono yao mitatu kwenye mbao za lori, mmoja kushoto mwa uso wako, wawili kulia. Jua lilikuwa limepanda, turubai limepata moto, na harufu ilikuwa imeanza kushuka. Niliwaona inawafikia. Mchungaji wetu alitoa kitambaa akajifanya anafuta jasho. Yule wa Walokole aliongeza sauti. Padri alifumba macho. Wakaendelea, wakamshukuru Mungu kwa mavuno, wakasema asante kwa mahindi haya safi yaliyotolewa kwa moyo safi.

Watu waliitikia amina. Na mimi niliitikia.

Nikaitwa kusoma taarifa ya katibu. Nilikuwa nimeiandika tangu jana yake, mistari kumi na miwili, na wa saba ulisema mahindi yamehifadhiwa vizuri. Nilisimama na karatasi. Na ndipo nikakumbuka sala yako moja, ile uliyosali mwaka ule dada yako alipofukuzwa kwaya kwa kuolewa upande wetu. Ulisema, "Mungu, tutoe uongo kwanza. Umoja utakuja wenyewe."

Nikaikunja ile karatasi. Nikasema, "Mahindi mliyoyabariki yameoza. Ufunguo ninao mimi. Nilijua paa linavuja, na mabati nilikuwa nayo nyumbani. Asubuhi ya leo nimeyafunika mwenyewe ili msione."

Mtu akazima maiki. Nilikuwa nimeanza kusema habari ya vikao, sauti ikakatika. Lakini nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, watoto themanini chini ya mabati na mvua inapiga. Nikaendelea bila maiki. Mwenyekiti akaipungia mkono kwaya yetu iimbe, nao wakaanza kuimba juu yangu, wimbo wa upendo. Kwaya yangu mwenyewe. Mama niliyesimama naye sauti ya pili miaka mingi alikuwa ananitazama machoni na anaimba. Nilipiga kelele juu ya wimbo mpaka nikamaliza. Sikumtaja mtu kwa jina. Nilisema kamati, na nikasema mimi.

Yule bibi jirani yako aliyeleta mahindi kwa ndoo alipanda kwenye lori bila kuambiwa na mtu. Alifunua turubai, akafungua gunia la kwanza, akaingiza mkono. Akautoa mweusi, akauinua watu wauone. Kwaya ikakatiza wimbo.

Unadhani nini kilifuata? Nilidhani watu watapiga magoti. Wageni waliongozwa kwenye hema la chakula. Kulikuwa na pilau, nyama na soda za baridi. Wakala. Niliwaona kwa macho yangu, viongozi wa makanisa matatu wakiwa meza moja, wamekaa pamoja hatimaye, wanapeana chumvi. Huo ndio umoja niliouona siku ile.

Kitu hiki ndicho kinachonirudia. Si ile harufu ya stoo. Ni sauti ya vijiko.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa letu waliniita. Waliniambia nimeidhalilisha nyumba ya Mungu mbele ya wageni, na kwamba ningeweza kuyasema ndani. Niliwauliza, ndani wapi, maana ndani nilikuwemo na ndani ndimo yalimooza. Wakanitenga na meza ya Bwana miezi mitatu. Nilikubali. Niliwaambia sikubali kutengwa kwa kusema, nakubali kutengwa kwa ufunguo. Hawakuelewa, au walielewa.

Halafu Alhamisi moja padri wenu akaja kwangu, kwa miguu, peke yake, viatu vimejaa tope. Nilimpa kiti. Akasema, "Mwalimu, mimi niliisikia ile harufu. Niliisikia nikaendelea kubariki." Alitaka nimwambie jambo la kumfariji, na wewe ungemwambia. Mimi nilimwambia tunakusanya mahindi tena, na kwamba wa kubeba ni wachache. Kesho yake alikuja bila kanzu, akabeba.

Ndiyo, tulikusanya tena. Hatukutangaza popote. Bibi wa ndoo alitangulia, akafuata dada yako, wakafuata wanawake wa lile kanisa la turubai. Wengine walitufungia milango, na siwalaumu, walikuwa wamekwisha kutoa mara moja. Tulipata kidogo, hata nusu ya lori haikufika. Mzee Idi tulipomwendea hakutuuliza habari ya nauli. Alisema, "Lile bango mmelitoa?" Tukasema limetolewa. Akasema basi twende.

Tulipanda watu watano. Kwenye geti la hifadhi ya Ngorongoro tulikaa muda mrefu kungoja kibali, kisha tukapanda na ukungu mpaka ukingoni. Watalii walikuwa wamesimama pale wakipiga picha kreta, na kweli ilikuwa inapendeza, kijani tupu. Tukateremka upande wa pili. Olbalbal nayo ilikuwa imeanza kuota majani, Paskalina. Mvua iliyoozesha mahindi yetu ilikuwa imewafikia. Lakini mizoga ilikuwa bado imetapakaa, ngozi juu ya mifupa, na majani machanga yanaota katikati ya mbavu.

Naserian alitoka kutupokea. Amekonda, shuka linamning'inia. Mtoto wako amekuwa mkubwa, amefika kiunoni kwake, mzima. Nilianza kucheka kwa furaha kumwona mtoto, ndipo Naserian akanishika mkono. Alisema mama mkwe wake amefariki, katikati ya Oktoba. Alikuwa akisema ameshiba, uji wake anampa mtoto. Wazee wa boma la jirani waliondoka Agosti kwenda Enguserosambu na wamefika salama. Wao walibaki.

Hakusema kwa nini walibaki. Nilisema mimi. Nilisema, "Mlibaki kwa sababu ya neno langu." Akaniangalia, hakukataa. Akasema, "Ulisema Septemba, Mwalimu. Mama alikuwa akiuliza Septemba ina siku ngapi."

Hilo nimeliandika kwa sababu lazima lisemwe kwa mtu.

Tulipokuwa tunashusha magunia, mzee mmoja wa boma, anayetembelea fimbo, alikuja kuyagusa. Alichota, akanusa, akatafuna punje. Akauliza kitu kwa Kimaasai na Naserian akatafsiri, "Anauliza ninyi ni kanisa gani." Tulikuwa tumesimama pale, Mlutheri aliyetengwa, padri asiye na kanzu, wanawake wawili wa turubai, na dada yako. Mzee Idi anafunga kamba. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Miezi mitatu tulipigana kwa ajili ya jibu la swali hilo, na hakuna aliyetaka kulijibu.

Nikasema, "Mwambie sisi ni wale tuliochelewa."

Naserian alimwambia. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaashiria tuingie ndani tukanywe chai. Maziwa hayakuwepo. Tulikunywa ya rangi.

Kabla ya kuondoka Naserian alitaka tuombe. Niliwaambia waombe wao. Nilisimama nikiwa nimefumba macho. Padri alisema Baba Yetu mpaka pale pa utusamehe, akakwama. Wanawake wa turubai walimalizia. Naserian akaomba kwa Kimaasai, na safari hii hakupaza sauti. Nilisikia Enkai, nikasikia jina lako, nikangoja. Kisha nikasikia langu.

Hilo ndilo lililonifanya nilie, njia nzima mpaka ukingoni, na mzee Idi akawasha redio ili nisione haya.

Sasa ni Februari. Kamati imeundwa upya na inajiandaa kwa siku ya maombi ya mwaka huu. Nimeambiwa bango jipya limeshaagizwa, na safari hii wamelipa upana wa kutosha. Muhtasari wa kikao unasema mwaka jana zoezi lilikwenda vizuri isipokuwa changamoto ndogo ndogo za uhifadhi. Changamoto za uhifadhi. Waliniletea barua ya mwaliko, nikaitumia kuwashia moto. Mchungaji wetu hajanisalimia tangu Novemba, na tukikutana njiani anatazama mashamba. Mimi namsalimia. Sijui kama ni upendo au ni ukaidi.

Jumatano bado zipo. Dada yako anakuja, bibi wa ndoo anakuja akisinzia, na padri alikuja mara mbili, kisha akahamishiwa mbali. Naserian anapiga. Mimi nakaa nao, napika chai, nasikiliza. Kuomba bado kunanishinda. Kinyaa hakijaisha, na sehemu kubwa yake ni kinyaa cha mkono wangu ulionyooshwa kwenye kikao. Ulipokuwepo nilidhani tunawaombea wao, wale wenye mafarakano. Nilidhani mimi na wewe tulishamaliza.

Ningependa kukuahidi makubwa, rafiki yangu. Siwezi. Nakuahidi hili moja: sitamwambia tena mtu mwenye njaa kwamba kitu kinakuja kabla sijakipakia na kupanda nacho. Nikiahidi zaidi ya hapo nitakuwa nimeanza kuhubiri.

Pumzika, Paskalina. Ukikutana na yule mama wa Olbalbal, usiniombee msamaha kwake. Msalimie tu, na umwambie mtoto anakula.

Mimi jirani yako,
Rebeka